Kumwinua Mapema Mgonjwa Mahututi: Kazi ya Muuguzi Inayoamua Atakavyorudi Nyumbani

Mtu anapolazwa katika wodi ya wagonjwa mahututi, swali la kwanza la ndugu zake ni moja: je, atapona? Swali la pili huchelewa kuulizwa, na mara nyingi halipati wa kulijibu: akipona, atarudi nyumbani akiwa katika hali gani? Kwa wakazi wa katikati ya jiji la Dar es Salaam swali hilo la pili lina uzito mkubwa. Kariakoo ni mahali pa kazi za mikono na miguu; hata jina lake limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza cha wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Hadi leo mchukuzi hubeba marobota kupanda ngazi za maghorofa, msukuma mkokoteni hupenya katikati ya magari ya Mtaa wa Msimbazi, mama lishe husimama mbele ya jiko tangu alfajiri, na mmachinga hutembea kutwa nzima. Kwa watu hawa, kuokolewa kutoka katika kifo bila kurudishiwa miguu ni kupona nusu.

Makala haya yanaeleza kwa nini kulala muda mrefu kitandani kunamdhuru mgonjwa mahututi, muuguzi anafanya nini ili mgonjwa aanze kujongea mapema, na kwa nini jambo hilo linahitaji kupimwa kama dawa inavyopimwa: lisikosekane, wala lisizidi.

Kitanda kinavyoudhoofisha mwili

Misuli ya binadamu hujengwa na kubomolewa kila siku. Kwa mtu mzima mwenye afya, kazi hizo mbili hulingana. Mgonjwa mahututi hupoteza ulinganifu huo kwa sababu kadhaa zinazomfika kwa wakati mmoja. Maambukizi makali huufanya mwili uivunjevunje misuli yake ili kupata malighafi ya kujihami. Chakula kinachoingia ni kidogo kuliko mahitaji. Dawa za usingizi humfanya asijitikise hata kidole. Neva zinazopeleka amri kwenye misuli nazo zaweza kuathiriwa na ugonjwa wenyewe.

Kasi ya upotevu huo inashangaza. Watafiti wa London, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013, walipima kwa kipimo cha ultrasaundi msuli wa mbele wa paja kwa wagonjwa mahututi. Baada ya siku 10 tu, eneo la mkato wa msuli huo lilikuwa limepungua kwa wastani wa asilimia 17.7. Nchini Ufaransa, utafiti wa mwaka 2002 uliwafuatilia wagonjwa waliokaa kwenye mashine ya kupumulia kwa siku 7 au zaidi. Mmoja kati ya kila wanne alipozinduka alikutwa na udhaifu mkubwa wa misuli ambao hakuwa nao kabla ya kulazwa.

Udhaifu huo hauishii miguuni. Msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, uitwao kiwambo, ndio unaofanya sehemu kubwa ya kazi ya kuvuta hewa. Mashine inapoifanya kazi hiyo kwa niaba yake, kiwambo nacho hunyong'onyea, na siku ya kumtoa mgonjwa kwenye mashine huzidi kusogea mbele. Wakati huohuo makohozi hutuama mapafuni na kuleta nimonia, damu huganda katika mishipa ya miguu, viungo hukakamaa, na ngozi ya mgongoni, makalioni na visiginoni hufanya vidonda vya mgandamizo.

Akili nayo huathirika. Wagonjwa wengi mahututi hupatwa na hali ya kuchanganyikiwa: mmoja hupayuka na kung'oa mipira, mwingine huona watu wasiokuwapo, mwingine hunyamaza tu akiwa amekodoa macho. Ndugu hushtuka, na wapo wanaodhani mgonjwa wao amepagawa. Hii ni hali ya kitabibu inayojulikana, na huzidishwa na dawa za usingizi, kukosa usingizi wa kawaida, na kutojua usiku wala mchana.

Madhara haya humfuata mgonjwa hadi nyumbani. Huko Toronto, Kanada, wagonjwa 109 waliopona baada ya mapafu yao kushindwa kufanya kazi walifuatiliwa kwa mwaka mzima, na matokeo yakatolewa mwaka 2003. Wengi wao walikuwa watu wa makamo. Baada ya mwaka mmoja ni takriban nusu tu waliokuwa wamerudi kazini, na walionusurika kwa jumla walilalamikia zaidi kukonda kwa misuli na uchovu. Ikiwa hali ndiyo hiyo katika nchi yenye huduma nyingi za utengamao, msomaji anaweza kukisia hali ya mchukuzi anayetegemea ujira wa kila siku.

Fikra ya mapumziko ilivyobadilika

Kwa muda mrefu mapumziko kitandani yalihesabiwa kuwa sehemu ya tiba. Aliyefanyiwa upasuaji, aliyejifungua na aliyepatwa na ugonjwa wa moyo wote waliamriwa walale kwa siku nyingi. Mwaka 1947 daktari Mwingereza Richard Asher aliandika katika jarida la madaktari la nchi yake makala ya kuonya juu ya hatari za kitanda, akieleza kiungo kwa kiungo jinsi kulala kunavyouharibu mwili. Wodi za upasuaji na za wazazi zilibadilika mapema. Wodi za wagonjwa mahututi zilichelewa, kwa kuwa mgonjwa wa huko amezungukwa na mipira, nyaya na mashine, na ilionekana ni jambo la hatari hata kumgusa.

Mabadiliko yalikuja mwanzoni mwa karne hii. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wagonjwa 104 waliokuwa kwenye mashine za kupumulia. Kundi moja lilipunguziwa dawa za usingizi kila siku na kuanza mazoezi ya viungo ndani ya siku chache za mwanzo. Kundi la pili lilipunguziwa dawa vilevile, lakini mazoezi yalianza kwa utaratibu wa kawaida wa hospitali. Walipokuwa wakiruhusiwa kutoka hospitali, asilimia 59 ya kundi la kwanza waliweza kula, kuvaa, kuoga, kwenda msalani na kutembea bila msaada. Katika kundi la pili walikuwa asilimia 35. Siku za kuchanganyikiwa nazo zilipungua kutoka 4 hadi 2.

Kwa nini muuguzi

Mazoezi katika utafiti huo yaliongozwa na wataalamu wa tiba ya viungo. Katika hospitali zetu wataalamu hao ni wachache, na hata pale walipo huja kwa saa maalumu na kuondoka. Anayebaki kando ya kitanda mchana na usiku ni muuguzi. Yeye ndiye anayejua kwamba presha ya mgonjwa ilishuka saa kumi usiku, kwamba asubuhi amefumbua macho alipoitwa, na kwamba kidonda kinamuuma zaidi anapogeuzwa upande wa kushoto. Maarifa hayo ndiyo yanayoamua iwapo leo ni siku ya kukaa, kesho ni siku ya kusimama, au leo mgonjwa aachwe alale.

Muuguzi pia ndiye mwenye ufunguo wa mambo yanayotangulia mazoezi. Mgonjwa aliyezamishwa katika usingizi wa dawa hawezi kushiriki. Hivyo muuguzi humkumbusha daktari kila asubuhi kuangalia upya kama dozi ya dawa ya usingizi yaweza kupunguzwa. Mgonjwa mwenye maumivu hatakubali kuinuliwa. Hivyo muuguzi hupanga dawa ya maumivu itangulie. Mgonjwa aliyekesha hana nguvu. Hivyo muuguzi hupunguza taa na makelele usiku. Kumwinua mgonjwa kunaonekana kuwa kazi ya dakika 10, lakini huandaliwa kwa saa 24.

Vipimo vinavyotangulia

Kabla ya kumsogeza mgonjwa, muuguzi hujiuliza maswali machache. Je, mgonjwa anafumbua macho na kufuata maelekezo mepesi? Je, anapumua chini ya mara 30 kwa dakika, na oksijeni katika damu yake imefika asilimia 90 au zaidi? Je, oksijeni anayopewa haizidi asilimia 60 ya hewa anayovuta? Je, presha na mapigo ya moyo vimetulia, bila dawa ya kupandisha presha kuongezwa dozi saa hadi saa? Majibu yakiwa mazuri, hata mgonjwa mwenye mpira wa kupumulia kooni anaweza kukalishwa. Mpira wenyewe si kizuizi. Kinachotakiwa ni mtu mmoja mwenye kazi ya kuushika huo tu.

Wapo wagonjwa wa kusubiri. Aliyeumia uti wa mgongo ambao haujaimarishwa, kama baadhi ya majeruhi wa bodaboda wanaopelekwa Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, hasogezwi hadi daktari bingwa aruhusu. Anayevuja damu, mwenye shinikizo lililopanda ndani ya fuvu, na mwenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio nao husubiri. Mgonjwa wa pepopunda aliye katika kipindi cha mikakamao huhitaji utulivu na giza, kwa sababu mguso mdogo waweza kuamsha mkakamao mwingine. Hata hivyo, kusubiri kuinuliwa si kuachwa bila kujongezwa: kwa wengi wao viungo vinaweza kukunjwa na kunyooshwa taratibu, na mgonjwa kugeuzwa kwa njia iliyo salama kwa jeraha lake.

Ngazi za kupanda

Kujongea mapema hakumaanishi kumtembeza mtu aliyezinduka jana. Ni ngazi, na kila mgonjwa huanzia kwenye kidato anachokiweza.

Kidato cha kwanza ni cha asiyejiweza kabisa: kugeuzwa kila baada ya saa mbili, kuinuliwa kichwa cha kitanda, na kukunjwa viungo vyote kuanzia vidole hadi nyonga. Mgonjwa akianza kufuata maelekezo, yeye mwenyewe hubana ngumi, huinua mkono, husukuma mguu dhidi ya kiganja cha muuguzi. Kisha hukalishwa ukingoni mwa kitanda, miguu ikigusa sakafu. Kidato hiki huonekana chepesi kwa mtazamaji, lakini kwa mgonjwa ni kazi nzito: shingo, mgongo na tumbo vyote vinafanya kazi, mapafu yanafunguka, na macho yanaona chumba kwa usawa wa binadamu badala ya dari. Baadaye huja kuhamia kwenye kiti chenye mikono, kusimama, kupiga hatua za papo kwa papo, na mwishowe kutembea akishikwa na watu wawili, kisha mmoja.

Vifaa vinavyohitajika si vya gharama. Kiti imara, mito, shuka la kusaidia kumsogeza, mtungi wa oksijeni wenye magurudumu na saa ya ukutani vinatosha kuanzia. Lisilokosekana ni mpangilio wa watu. Kabla ya kuanza, muuguzi kiongozi huhesabu kila mpira na kila waya, hutaja nani anashika nini, na husema nani atatoa amri ya kuinua. Mgonjwa naye huelezwa kwa heshima anayostahili. Muuguzi humwambia mzee aliye mbele yake: "Shikamoo, mzee. Leo tutakaa kidogo, mimi na wenzangu tutakushika. Ukinisikia, nibane mkono. Ukichoka, nibane mara mbili, tutakulaza." Maneno hayo ni sehemu ya usalama. Mgonjwa anayejua kwamba atasikilizwa akichoka hapambani na wanaomsaidia.

Mazoezi husitishwa mara moja oksijeni ikishuka chini ya asilimia 88, presha ikianguka, kifua kikiuma, jasho jembamba likitoka, au mgonjwa akionesha kwamba hawezi kuendelea. Yote huandikwa katika faili: alifika kidato gani, kwa dakika ngapi, na alivyojisikia. Bila maandishi hayo muuguzi wa zamu ya jioni huanza upya, na mgonjwa hupoteza siku.

Kiasi, si pupa

Mafanikio ya mwaka 2009 yaliwafanya wengi waamini kwamba mazoezi yakizidi ndipo faida itazidi. Tafiti zilizofuata zimeonya. Mwaka 2015 yalitolewa matokeo ya utafiti wa kimataifa wa wagonjwa 2,104 wa kiharusi. Walioinuliwa mara nyingi na kwa muda mrefu ndani ya saa 24 za mwanzo walipata matokeo mabaya kidogo kuliko walioinuliwa kwa utaratibu wa kawaida. Mwaka 2022 utafiti mwingine, uliohusisha wagonjwa 750 wa mashine za kupumulia katika nchi 6, ulilinganisha mazoezi ya takriban dakika 21 kwa siku na yale ya takriban dakika 9. Kundi la mazoezi mengi halikupata nafuu zaidi, na matukio ya madhara kama vile kushuka kwa oksijeni na presha yaliwafika asilimia 9.2, dhidi ya asilimia 4.1 katika kundi la pili.

Matokeo haya yasisomwe vibaya. Kundi la pili halikulazwa tu likaachwa. Lilijongezwa pia, kwa kiasi. Tafiti hizi zililinganisha kujongea kwingi na kujongea kwa wastani. Kwa wodi ambayo mgonjwa hulala chali siku 10 bila kukalishwa, funzo bado ni kuanza. Kwa wodi iliyokwisha kuanza, funzo ni kutomsukuma mgonjwa kupita anapofika. Dakika chache kila siku, zikipimwa kwa hali yake ya siku hiyo, zina thamani kuliko saa nzima ya siku moja.

Hali ya hospitali zetu

Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu wodi za wagonjwa mahututi za hospitali nne kubwa za rufaa nchini, yaani Muhimbili, KCMC, Bugando na Mbeya, ulionesha kuwa takriban wagonjwa wanne katika kila kumi waliolazwa humo walifariki. Katika mazingira hayo inaeleweka kwa nini nguvu zote zilielekezwa katika kuokoa uhai. Tangu wakati huo huduma zimepanuka. Mpango wa maendeleo uliozinduliwa Oktoba 2021 kwa shilingi trilioni 1.3 uligusa pia ujenzi wa wodi za wagonjwa mahututi na majengo ya huduma za dharura katika mikoa mingi. Kila kitanda kinachoongezwa kinakusudiwa kuongeza idadi ya watakaonusurika, na kila anayenusurika anahitaji kurudishiwa nguvu.

Jambo jingine halipaswi kusahaulika. Utafiti wa hospitali 180 katika nchi 22 za Afrika, uliochapishwa mwaka 2025, ulionesha kuwa takriban mgonjwa mmoja kati ya kila wanane waliolazwa alikuwa mahututi, na karibu saba kati ya kumi wa wagonjwa hao walikuwa wakihudumiwa katika wodi za kawaida. Hivyo maarifa haya hayawahusu wauguzi wa wodi maalumu za Upanga peke yao. Yanamhusu pia muuguzi wa Mnazi Mmoja, Amana au Temeke mwenye wagonjwa wengi katika zamu moja, na mmoja wao ni mama aliyejifungua juzi, akapata kifafa cha mimba, na leo amezinduka akiwa hawezi kumshika mwanawe.

Kikwazo kikubwa ni idadi ya watumishi. Haiwezekani watu watatu wamwinue mgonjwa mmoja ikiwa zamu nzima ina watu wawili. Zipo njia za kupunguza tatizo: kuchagua saa ambayo zamu mbili zinapishana, ili mikono iwe mingi, kuwashirikisha wanafunzi wa uuguzi na utabibu chini ya uangalizi, kuunganisha mazoezi na kazi zisizoepukika kama kuogesha na kubadilisha mashuka. Lakini njia hizo haziondoi wajibu wa uongozi wa hospitali kuhesabu kumjongeza mgonjwa kama tiba yenye kuhitaji watu, kama upasuaji unavyohesabiwa.

Nafasi ya ndugu

Ndugu wanaofika saa ya kuona wagonjwa huja na huruma, na huruma hiyo mara nyingi husema: "Mwacheni apumzike." Wakimkuta ameketishwa kitini huku akihema, wengine hudhani anateswa. Ni vema waelezwe mapema, kwa lugha nyepesi, kwamba kukaa huko ni dawa, na kwamba kuna mtu anayepima.

Wakishaelewa, wao ni msaada mkubwa. Wanaweza kumwita kwa jina alilolizoea, kumwambia siku na saa, kumletea miwani yake au kifaa cha kusikia, na kwa maelekezo ya muuguzi kumkunja vidole na viwiko. Wasimwinue wala kumkalisha peke yao, kwa sababu mpira mmoja ukichomoka unaweza kugharimu maisha. Wanaweza pia kumweleza muuguzi jambo ambalo faili halina: mgonjwa huyu nyumbani anafanya nini. Anayeishi chumba cha juu atahitaji kupanda ngazi. Anayetumia choo cha kuchuchumaa atahitaji mapaja yenye nguvu ya kumwinua. Anayeswali atataka kusujudu na kusimama tena. Mambo hayo ndiyo malengo halisi ya mazoezi, na mgonjwa huyafanyia bidii kuliko namba yoyote iliyoandikwa kwenye chati.

Siku ya kuruhusiwa, ndugu waulize mambo matatu kabla ya kuondoka: mazoezi gani yaendelee nyumbani, dalili zipi ziwarudishe hospitali haraka, na lini na wapi mgonjwa ataonwa na mtaalamu wa utengamao. Misuli iliyopotea kwa siku 10 huchukua miezi kurudi, na mgonjwa asiyeambiwa hivyo hujiona mvivu au hudhani ugonjwa umerudi. Aliyeambiwa huanza kwa kutembea hadi mlangoni, kesho yake hadi barazani, na wiki ijayo hadi barabarani.